Maongezi Yapo

Nkwabi wa yadi ya Buzuruga hana haraka.
Anaizunguka Probox yangu mara tatu
kama mganga anayetafuta kilichozikwa uani,
anagonga bati kwa kidole, ko, ko,
anasikiliza.
"Hii iliwahi kupigwa rangi."
Mlango mmoja tu, namwambia, ni mbuzi wa Kisesa,
na mwenye mbuzi alilipa.
Anaandika kiganjani kwa kalamu ya buluu.

Miaka minane nimeilea.
Oili kwa wakati, hata mwezi wa ada,
hata mwaka ule ziwa lilipopanda likatufuata mwaloni
tukauzia dagaa juu ya meza za kukodi.
Imepanda kilima cha Bugando usiku wa manane na uchungu wa Minza,
asubuhi ikashuka na mjukuu.
Hilo halina mstari kwenye karatasi ya Nkwabi.

"Namba C, mama. Siku hizi watu wanataka E."
Kama vile herufi ndiyo inayovuta mzigo.
"Na hii harufu?"
Anaingiza kichwa, anakitoa upesi,
anapepea mkono mbele ya pua iliyozaliwa Kirumba.
Harufu!
Harufu hiyo, kijana, imemaliza kidato cha sita,
ina diploma ya maabara,
imeezeka nyumba ya Igoma, vyumba vinne na baraza.
"Laki sita kwa harufu," anasema.
"Mteja hataki kukaa ndani ya gunia."

Noah niliyoitaka imesimama pembeni, rangi ya fedha,
na bei yake imekaa kama Jiwe la Bismarck,
maji yapande, yashuke.
Bei yangu ndiyo sato juani:
saa nne ilikuwa milioni sita,
saa saba, tano,
adhana ya alasiri imenikuta na nne na laki mbili
na miguu imevimba.
Nikatia sahihi.
Nikatoa kitini khanga yangu, rozari, debe moja tupu.
Ufunguo nikaufuta kwanza, sijui kwa nini.

Jumamosi nikamtuma Shija, mtoto wa dada,
achomekee shati, ajifanye ana hela.
Kaikuta imeoshwa, matairi yanang'aa kama viatu vya bwana harusi,
kimti cha limau kinaning'inia ndani,
na karatasi kwenye kioo:
MILIONI NANE NA NUSU. HAIJACHEZEWA. MAONGEZI YAPO.
"Nikamuuliza ilikuwa ya nani."
Shija anacheka, ameshika mbavu.
"Kasema ya nesi mstaafu, mama mkubwa.
Ilikuwa inakwenda kanisani tu."
Na harufu?
"Kasema, harufu gani?"

Nilicheka naye. Chakula kikapoa.
Usiku nikatoa nane na nusu, nikaondoa nne na laki mbili,
nikarudia, kama vile hesabu ingenionea huruma.

Jumatatu alfajiri, mwaloni.
Nyanjige kavuka kutoka visiwani na magunia kumi na mawili,
usiku kucha kayakalia
asije mtu akayatoboa.
Macho mekundu, sweta la mtoto limefungwa kichwani.
Nikauzunguka mzigo. Mara tatu.
Nikachomeka mkono, nikachota, nikanusa,
nikawatandaza kiganjani, nikawapuliza.
Mdomo unajua njia, ukatangulia:
"Hawa wana mchanga."

Hakujibu. Aliniangalia tu,
vile mtu anavyomwangalia anayegonga bati lake.

"Kidogo," nikasema.
"Mchanga kidogo."

Nyuma yangu Noah ilikuwa imeachamisha mlango,
bado hainuki kitu.