Chupa ya Roshani

Nina dakika ishirini na tano, na saba nimezila ngazini.
Lifti imekufa tangu Jumanne.
Navua glavu, koti, buti moja,
navua baridi hii ya Sundsvall inayouma mpaka kwenye fizi.

Tuva yuko mezani, miaka kumi na minne, simu usoni.
"Hamna chakula," anasema.
Haniambii mimi, anaiambia friji.
Mwaka wa pili huu haniiti mama, haniiti Wanphen;
huanza tu katikati, kama sentensi iliyokatwa kichwa.

Haya.
Kuna paja la kuku la jana, limelala kwenye mafuta yake.
Slesi nne za mkate, kingo zimeanza kukakamaa.
Kopo la siagi ya karanga
analolilamba usiku akidhani nimelala.
Karoti iliyopinda kama kidole cha bibi yangu.
Kabichi. Ndimu nusu, imenuna.

Namchambua kuku kwa vidole, mfupa huku, nyama huku;
kisu ni cha watu wenye muda.
Kikaango: chwaa!
Saumu punje mbili, pilipili moja, mbegu nisitoe...
natoa. Nusu. Za kwake.
Siagi kijiko, maji ya moto, sukari ya kubania,
nakoroga mpaka ilegee, iwe mchuzi.
Naonja.
Kuna kitu hakipo, na ulimi umekijua kabla yangu.
Chumvi ya mezani ina chumvi tu.

Mama, kutoka Roi Et, anacheka kwenye spika ya simu:
"Kuku umemtia kwenye mkate? Wali umekukosea nini?"
"Mama, nina dakika tisa."
"Basi tia mchuzi wa samaki, yaishe."
Nanyamaza. Nitamwambiaje kwamba chupa iko nje,
roshani, kando ya skii za Torkel, tangu Novemba,
siku Tuva aliposhika pua akasema nyumba inanuka bandari,
na baba yake, mtu wa amani,
akaibeba kwa vidole viwili
akafunga mlango polepole, asimkwaze yeyote.

Nachoma mkate upande mmoja.
Kabichi, karoti, kuku,
giligilani vijiti tu, majani yameoza.
Naikamua ndimu kama naidai.
Nakata mshazari. Chake sahanini;
changu nakila wima, buti moja mguuni.

Anatafuna. Simu anailaza kifudifudi.
"Kimepungua kitu."
"Najua."
"Ile ya zamani, siku shule ilipofungwa kwa theluji,
ile ilikuwa na kitu."
"Najua, Tuva."

Akainuka. Soksi moja ina tundu.
Mlango wa roshani ukalia, baridi ikaingia mzimamzima.
Nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, na chupa haikuganda.
Akarudi nayo kifuani, theluji vidoleni mwa miguu,
akafunua slesi yake, akadondosha matone mawili,
akanusa, akakunja uso,
akaongeza la tatu.

Dakika nne. Navaa glavu kwa meno.
Nikiwa ngazini nasikia kabati la juu ya jiko likifunguliwa,
kioo kikigonga kioo,
likifungwa.