Gari la Mayai

Nilitaka gari la kubebea mayai.
Si la harusi, si la kuonwa na watu;
gari lisiloruka matuta kama mbuzi,
trei sitini nyuma, kutoka Bahati hadi mjini,
na jioni nisioshe ute kwenye zulia.

Kwanza nilikwenda yadi, kule Pipeline.
Magari yamepangwa yakitazama barabara kuu
kama wanafunzi siku ya ukaguzi,
tairi zimepakwa mafuta, weusi wa kung'aa.
Gathogo, tai nyekundu, akanipa soda baridi
kabla hajaniuliza jina.
"Hili, mama, ni jipya kwa Kenya."
Jipya kwa Kenya!
Nikayazungusha maneno hayo mdomoni
kama wali wenye changarawe.
Mita ilisema kilomita elfu arobaini na mbili,
lakini pedali ya breki ilikuwa imelika upande
kama kisigino cha kiatu cha mchuuzi.
Gathogo akacheka: "Wajapani wana miguu mizito."
Fundi wangu, Ombongi, akaingia uvunguni,
akatoka, akafuta mikono, hakusema kitu.
Kimya cha fundi ni shilingi elfu thelathini.

Jumamosi tukapanda Kiamunyi.
Tangazo nililiona duka la dawa za mifugo,
mwandiko wa kalamu ya wino:
Linauzwa na mwenyewe.
Mwenyewe alikuwa amekufa Machi.

Mjane wake, Tapsubei, alitufungulia geti
akaanza na kasoro kabla salamu hazijaisha.
Gia ya pili hukataa asubuhi za baridi, usiilazimishe.
Dirisha la nyuma lisaidie kwa kiganja likipanda.
Mwaka juzi liliingia mtaroni karibu na Mau Summit,
mlango huu si wake, hebu tazama rangi.
"Mwalimu alikuwa akiongea nalo," akasema.
"Mimi siwezi kuongea na chuma."
Kwenye droo mlikuwa na miwani, risiti za mbolea,
na chaki tatu ndani ya karatasi iliyokunjwa vizuri.
Ombongi akalitia moto.
Likakohoa mara moja, likatulia,
na fundi wangu, asiyecheka hata akilipwa, akatabasamu.

Nikauliza logibuku.
Akaleta bahasha. Jina ni la marehemu,
kesi ya mirathi itatajwa Oktoba,
shemeji mmoja ameweka pingamizi.
"Lakini lichukue," akasema, "sisi ni watu wazima.
Nipe nusu sasa, nusu siku ya korti."

Niliishika bahasha ile muda mrefu,
kuku wake wakinidonoa kamba za viatu.
Gari lililonyooka kama neno la shahidi,
na karatasi zake zimelala na mwenyewe, chini ya udongo.
Nikamrudishia kwa mikono miwili.
Akanifungia maparachichi kwenye mfuko, tano,
kana kwamba ni mimi niliyefiwa.

Sikuwa na ujasiri. Nakiri.
Jumatatu nilirudi Pipeline nikahesabu noti,
nikanywa soda ya pili,
nikapunguziwa elfu thelathini, zile za kimya cha Ombongi.
Gathogo akanipa mkono, na kalenda.

Sasa kila alfajiri, trei zikishapangwa,
nikizungusha ufunguo,
mwanamke fulani ndani ya dashibodi
hunisemesha Kijapani, kwa adabu, kirefu.
Gathogo alisema nimpuuze, eti anaulizia kadi tu.
Mimi humsikiliza hadi amalize.
Pengine ananitajia gia inayokataa,
mtaro ni upi, mlango upi si wake,
na aliyekanyaga breki ile miaka yote hiyo
alikuwa akimkimbilia nani.
Pengine naye aliachwa na mtu Machi.

Namwambia, "Ahsante, mama,"
kisha naondoka polepole,
kwa sababu ya mayai.