Herufi Kumi na Sita

Ofisi ya makaburi, Dundee, Novemba.
Saa tisa na nusu alasiri na taa za barabarani zishawaka,
kipasha joto kinakohoa,
na skrini inanionyesha marehemu aliyekatwa:
Mwanamkasi Shebu.

Shebu nani? Binti yake amesimama kaunta,
mwavuli unadondosha maji kwenye zulia la serikali.
Anaisoma hati mara ya pili, haniulizi kitu.
Angeniuliza ningepona.

Nimepekua menyu zote.
Rangi ya dirisha, ruhusa. Ukubwa wa maandishi, chagua.
Mlio wa kukosea, upo wa njiwa na upo wa kinanda.
Jina la mtu, hakuna pa kuligusa.

Basi nikashuka chini ya programu,
folda ndani ya folda, mpaka faili dogo
lisilo na picha wala kitufe,
maandishi matupu kama barua ya mwenye haraka:

upana_wa_jina = 16

Na juu yake, nyuma ya nukta-mkato,
pale mashine inapoambiwa isisome,
Murdo Geddes, aliyestaafu kabla sijaiona nchi hii,
aliandika: Zinatosha. Karatasi nyembamba. Usiguse.

Murdo Geddes. Nimehesabu, na nafasi ya katikati: kumi na mbili.
Kweli zilimtosha, na chenji ikabaki.
Kila mtu hupima mlango kwa kimo chake.

Nilinakili faili kwanza; aliyeumwa na nyoka haelezwi.
Nikafuta kumi na sita, nikaandika sitini na nne,
nikahifadhi, nikafunga programu, nikafungua,
pumzi nimeibana kama avukaye ziwa la barafu.

Mwanamkasi Shebughe Kilindo.
Alikuwemo mzima muda wote, kakunjwa tu.
Na nyuma yake wakanyooka wengine:
Wojciech Przybylski akapata mkia wake,
na Euphemia Farquharson, bibi wa hapahapa,
mzaliwa wa mtaa wa pili,
miaka ishirini na mitatu amelala Farquha.

Printa ikanguruma. Murdo hakusema uongo,
karatasi ni nyembamba: Kilindo
likashukia mstari wa pili.
Binti akaliangalia pale lilipoangukia.
Akaikunja hati taratibu,
mkunjo ukalipita jina kando.

Alipotoka nikarudi kwenye faili,
nikaweka nukta-mkato yangu chini ya yake:
Hazikutosha. Nimegusa.