Ngano

Paukwa, babangu angeanza hivi
akirudi alfajiri kutoka tanuri la Machomanne,
nyusi nyeupe kwa unga,
boflo la moto kwapani, limefungwa gazetini.
Nasi tungeitikia Pakawa, bado tumelala,
mikono imeshatangulia.
Ndiyo ngano iliyonilea:
ya sungura, na ya boflo.

Tangu darasa la pili tumbo langu likanguruma.
Wakasema minyoo. Wakasema chango.
Wakasema binti Shaame ana jicho la watu.
Nikanywa vidonge, nikanywa kombe,
nikanywa na maji ya mrehani;
vyote vikapita mbio kama vilivyoingia.
Nywele zikabaki kwenye kitana.
Sare ya skuli ikawa inanivaa yenyewe.

Hata tukavuka Unguja, Mnazi Mmoja.
Daktari akapitisha mpira wenye jicho kooni mwangu
kisha akanionesha utumbo wangu kwenye kioo:
"Hapa huwa pana vinyweleo, vimesimama
kama mpunga. Vyako vimelala."
Nikaliona bonde letu
siku ng'ombe wa ami Kombo walipokata kamba.
"Sababu ni ngano," akasema.
Nikangoja aanze hadithi.

Baba hakutia neno ndani ya meli.
Tuliposhuka Mkoani, tukisubiri gari,
nilimwona akijinusa vidole.

Chapati, haya. Sambusa, haya, nimeacha.
Bokoboko nililililia,
maana Idi bila bokoboko ni Jumatano tu.
Urojo ndio ulionihadaa:
manjano yake, embe lake,
na chini kwa chini ule unga unaoupa uzito.
Siku tatu nikawa mgeni wa choo.
"Kidogo tu," husema shangazi Mize, "kitakudhuru nini?"
Shangazi, si wewe uliyenifundisha
kibaba hujazwa na nini?

Mama akaanza na uji wa mchele, mwepesi,
chumvi ya kuonja.
Maziwa yalinikataa mwezi mzima.
Kisha boga. Kisha mkono wa tembo
na changu wa kuchemsha.
Muhogo, niliouita chakula cha dhiki,
ndio ulionishika mkono nikasimama.
Kikaango changu kina utepe mwekundu mpinini;
mdogo wangu Asaa akikisogelea
hupigwa ukelele kama amegusa umeme.

Na baba.
Kanzu ya kazi huiacha kwenye kamba, nje.
Hunawa hadi viwikoni, kucha moja moja,
kama anayetia udhu kwa sala asiyoijua bado.
Usiku akaroweka mchele, akausaga,
akatia tui, hamira, iliki.
Mkate wa kumimina. Wa kwanza haukuumuka,
ulilala sufuriani kama tofali.
Miaka thelathini ya tanuri, mchele ukamshinda!
Wa pili aliwapa kuku.
Wa tatu akaukata, akaunyanyua kwenye taa,
akayatazama matundu yake, kimya,
vile vile daktari alivyotazama.
Kisha akanipa mimi kabla ya mtu yeyote.

Huu mwezi wa nane.
Watu wanapenda neno "umepona"; mimi sijalisema.
Mpunga haujasimama wote,
na zipo siku bonde linalala tena
sijui kwa kijiko cha nani.
Ila jana kifungo cha sare kilikataa kufunga,
mama akapiga kigelegele jikoni
majirani wakauliza nani kaposwa.

Na bado baba hurudi alfajiri,
maana boflo za watu ndizo zinazotulisha.
Huanzia kule uani, bombani:
Paukwa!
Pakawa, namjibu,
nikisikiliza maji yakimwagika,
nikingoja yakatike.