Mshipa Mzururaji

Miaka kumi na tisa nimepokea simu za uokoaji
katika chumba kisichojua kama nje kuna mvua au theluji.
Sauti yangu haijawahi kutetemeka.
"Taja mahali ulipo. Mko wangapi? Nani anapumua?"
Nikiwauliza wengine kama wanapumua
mimi hushika pumzi.

Nilidhani hubaki kule kazini, pamoja na koti la zamu.
Kumbe huja nami garini, hupanda kitandani kabla yangu.
Saa tisa usiku meno yanasagana,
mabega yananing'inia masikioni kama hereni,
tumbo limefungwa fundo
na aliyelifunga kaondoka na ncha ya kamba.
Mashine ya kupashia chakula ikilia ti-ti-ti
naruka, namwaga mchuzi, namkemea paka.

Mzee wa kanisa, Torcuil MacAskill, mtu mwema,
alinishika mkono mlangoni:
"Omba zaidi, Murdina. Woga ni upungufu wa imani."
Nikaomba zaidi.
Nikaomba taya limekazwa,
kama anayesukuma gari lililofungwa breki.
Mungu alisikia, sina shaka.
Mwili ndio haukusikia.

Basi nikaenda kwa Effie, mtaalamu wa viungo,
chumba chake ki nyuma ya duka la sufu, kinanuka kondoo.
Hakuniuliza imani yangu ina kimo gani.
Aliweka vidole viwili chini ya sikio langu:
hapa unapita mshipa wa fahamu mrefu,
unatoka ubongoni, unashuka kooni,
unapiga hodi moyoni, unaishia matumboni.
Wa kale waliuita mzururaji.
"Haujui Kiingereza," akasema, "wala Kigaeli.
Usiuamuru utulie. Unajua pumzi tu.
Ingiza kwa nne, toa kwa nane.
Toa kama mtu asiyedaiwa."
Nilicheka,
na kicheko chenyewe kikawa pumzi ya kwanza.

Jumapili nilikaa kiti cha nyuma, karibu na mlango,
kama mwenye deni.
Kwetu kisiwani Lewis hakuna kinanda kanisani.
Kiongozi huutupa mstari wa zaburi peke yake
nasi twaupokea, kila mtu kwa mwendo wake,
silabi moja yavutwa, yapindwa, yapandishwa,
kama kundi la ndege lisilo na haraka ya kutua.
Marehemu baba aliongoza hivyo hadi mapafu yalipomkataa.
Nami, niliyeacha kuimba tangu ile simu ya Machi,
ya mvulana aliyenitajia jina la mbwa wake
kabla laini haijakatika,
nikafungua mdomo.

Ingiza kwa nne. Toa kwa...
sikuhesabu tena.
Kifua kikavuma, koo likavuma, na chini ya sikio
kitu kikageuka, kikaelekea nyumbani.
Nikalia huku naimba.
MacAskill, kule mbele, hakutazama nyuma,
ila niliona kitabu kikitetemeka mkononi mwake
nikajua naye ana saa tisa yake.

Ee Bwana, uliyempulizia puani mtu wa udongo,
hukuanza na amri. Ulianza na pumzi.
Nisamehe: miaka yote nilileta roho ibadani
na kuuacha mwili garini, injini ikiunguruma.

Sijapona. Neno hilo lina haraka.
Jana mashine ililia, nikaruka, mchuzi ukamwagika.
Lakini niliweka kijiko chini, kiganja kifuani,
nikasema, karibu, mzururaji,
nikatoa pumzi ndefu kama mstari wa baba,
mpaka paka akarudi
akaanza kulamba sakafu.