Kipimajoto Nambari Saba

Mimi si mwalimu, hilo lieleweke kwanza.
Mimi ni mtunza maabara, shule moja ya Hull,
upande ule ambako upepo wa mto Humber
hupenya ufa wa dirisha na kuinamisha miali ya Bunseni.
Naosha bika. Nahesabu miwani.
Napanga neli kwenye kishikizo kama meno ya mtoto:
hii ina ufa, ile ina doa la shaba lisilotoka.

Jumanne, darasa la tisa walichemsha maji.
Bwana Ollerenshaw akaandika ubaoni: Lengo. Vifaa. Hatua.
Akasema, jicho liwe sawasawa na kilele cha uzi mwekundu;
asomaye kwa juu hujidanganya, asomaye kwa chini vilevile.
Kacper wa meza ya kona
aliinama hadi kidevu kikagusa mbao,
akangoja mapovu makubwa,
akasoma mia na mbili.
Akachungulia kwa jirani: mia.
Kwa jirani wa jirani: mia.
Akatafuta kifutio.

Nilikuwa mlangoni na trei mikononi.
Sauti ya kifutio naijua.

Kitale, kidato cha pili.
Kipimajoto kimoja kwa darasa zima,
tulikipokezana kama kichanga.
Maji yakatokota, nikasoma tisini na nne,
nikaandika tisini na nne.
Kalamu nyekundu ikapita:
Maji huchemka kwa mia. Soma kitabu.
Basi nikasoma kitabu, nikaacha kusoma maji.
Nikafuta, nikaandika mia kwa mwandiko mzuri.
Hakuna aliyetwambia kuwa mji wetu umekaa juu,
kwamba hewa ya huko ni nyepesi, haiyalemei maji,
nayo huruka mapema, bila kungoja mia ya mtu.
Nilikuja kulijua hilo nikiwa na miaka thelathini na mitatu,
huku huku Hull, nikipangusa vumbi kwenye rafu ya vitabu.
Nikaketi juu ya ndoo.

Sina kibali cha kufundisha.
Lakini sijaona kanuni inayokataza barafu.
Alhamisi nikaponda barafu, nikaijaza bika,
nikaiacha iyeyuke kwenye meza ya kona
pamoja na kipimajoto kilekile, nambari saba,
na kikaratasi: Ngoja dakika tano. Andika unachokiona.

Uzi ukashuka, ukashuka, ukagoma.
Mbili.
Akakitoa, akakipangusa, akakirudisha. Mbili.
Akaazima nambari nne kwa Imogen: sufuri.
Hapo akageuka kunitazama
nami nikajifanya nasugua silinda iliyokwisha takata.

Sokoni kwetu palikuwa na muuza mahindi
mwenye gorogoro iliyobonyea kitako.
Mama hakuwahi kugombana naye.
Alikwisha pima nyumbani, mara tatu, akajua pengo ni konzi moja;
basi kila gorogoro alidai konzi juu yake,
na yule bwana alitoa, huku akitazama pembeni.
Kipimo kinachoiba kiasi kilekile kila siku
unaweza kuishi nacho.
Mkono unaofuta, huo ndio sijui nitauwekea konzi ngapi.

Kacper akafungua ukurasa wa Jumanne.
Chini ya ile mia, karatasi ilikuwa imechubuka.
Akaandika juu ya mchubuko: 102,
na pembeni, kwa herufi za kubanana:
chombo namba 7 huzidisha 2, nimekijaribu kwa barafu.
Sijui alipewa alama ngapi.

Nambari saba sikuitupa.
Nimeifunga uzi wa buluu shingoni, inarudi darasani kila mwaka.

Na lile daftari la Kitale?
Mama alilichana kufungia njugu.
Kuna mtu, stendi ya basi, alikunja karatasi ile,
akatafuna, akatupa,
na ndani yake, chini ya mia yangu nzuri,
kivuli cha tisini na nne.