Kitalu C, Mwakirunge

Siku ya hamsini na tatu tangu mbegu kuzikwa,
tunang'oa.
Dzombo analishika bua kwa mikono miwili
kama mkono wa mgeni asiyetaka kuondoka,
na ardhi inaliachia kwa sauti ya nguo kuchanika.

Juu ya ardhi vitalu vitatu ni ndugu wa tumbo moja.
Ukweli uko chini, kwenye tope.
Tunaosha mizizi kwa maji ya dumu
(shilingi thelathini, na mradi unadai risiti),
tunaitandaza juu ya turubai, tunaipa alama:
sufuri, mzima.
Moja, umeonjwa.
Mbili, umetafunwa.
Tatu: shina lilisimama kwa mazoea tu.

Dawa zilikuja bila majina. A, B, C.
Kitalu cha nne hakikupewa kitu,
ndicho tunachokiita shahidi.
Nyevu, mwenye shamba, alipolisikia neno hilo
alicheka: "Shahidi wenu ndiye anayeliwa?"
Akatoa mistari kumi na miwili.
Leo imelala chini kama watu waliokeshea harusi,
na funza, weupe, wamejikunja kama alama ya mkato
kila palipokuwa na mzizi wa kukatwa.

Kitalu C ni ajabu.
Mizizi myeupe, mirefu, ndevu za sharifu.
Sufuri, sufuri, sufuri, kalamu inateleza yenyewe.
Kisha Dzombo, aliyekuwa akipiga mluzi, ananyamaza.
Anavunja bonge la udongo kwa kidole gumba.
"Hakuna nyungunyungu.
Kule kwa shahidi nimepata tisa."
Tunafukua tena, na tena.
Udongo mtupu, kama sinia iliyolambwa.

Fomu ina safu kumi na moja.
Ya nyungunyungu haimo.
Gari la mradi litafika saa tisa.
Naandika pambizoni, kwa herufi ndogo,
pale watu huandikapo namba za simu:
C, kimya.

Nyevu anakuja, panga mkononi, kanga kiunoni.
"Haya, niambie. Ninunue ipi?"
Namwambia angoje, wakajumlishe.
"Wajumlishe. Mvua ya vuli haingoji hesabu."
Anainama, anafunga mzigo wa mabua ya mbuzi wake:
yote ya shahidi, yaliyoanguka, yenye matundu.
Ya C, mabichi, yamenona,
anayaruka bila kuyagusa.